Barua Inaomba Siku

Barua zangu zilikuwa nzuri. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu Mjomba akikutana nawe atakusimulia haya kwa namna yake, na kwa namna yake mimi ni mtu wa kuhurumiwa na yeye ni mkombozi mwenye koti jeusi. Barua zangu zilikuwa safi, zimechapwa, hazina doa, zina anwani mbili pale juu, na zilianza kama zinavyoanza barua zote za watu wenye adabu: Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tatizo lilikuwa moja tu. Hakuna aliyezijibu.

Mimi ni fundi wa majokofu. Nimesoma chuo cha ufundi, cheti ninacho, na nimefanya kazi kwenye karakana ya watu mpaka mwenyewe alipoifunga akahamia kwa watoto wake. Tangu hapo karakana yangu ni sebule ya mama yangu. Friji mbili zimesimama ukutani, moja imelala chali katikati, na kuna friza kubwa bovu ambalo Mama amelitandika kitambaa cha maua, akaweka juu yake picha ya marehemu baba, ili wageni wadhani ni kabati. Mgeni akija anakaribishwa kwa maneno matamu, kisha anatafutiwa njia ya kupita. Mama mmoja wa kikundi chao cha akina mama aliwahi kukaa juu ya kompresa, ile mota ya friji, akidhani ni kigoda, akainuka na mafuta meusi kwenye gauni jeupe. Mama hakunisemesha siku hiyo nzima, na mama yangu si mtu wa kunyamaza.

Sasa dada yangu mkubwa, anayeishi mji mwingine, alikuwa amejifungua mapacha. Likizo yake inakwisha, msichana wa kumsaidia kaondoka bila kuaga, mume yuko safarini daima. Akampigia Mama simu. Wakaongea weee, na simu ilipokatwa uamuzi ulikuwa umeshatoka: mimi niende nikalee.

"Si unakaa tu?" Mama aliniambia.

Nilikuwa nimelala chini ya friji ya mtu, bisibisi mdomoni.

"Nimekaa hapa, Mama?"

"Hata kama. Huna kazi."

Walisema ni kwa muda. Muda! Nawajua watu na muda wao. Wale watoto wangeota meno, wangetembea, wangeanza shule, na mimi ningekuwa bado mama mdogo wa kufua nepi na kuchemsha uji. Nawapenda wale watoto mpaka basi, asije mtu akasema vingine. Lakini fundi akiweka vifaa chini mikono inasahau, na wateja wanasahau haraka kuliko mikono. Niliogopa, na sioni aibu kulisema. Dada angekuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi na gari la kukodi, anichukue mimi na begi langu. Mama alinipa upenyo mmoja tu. "Ukiitwa kwenye usaili kabla ya hapo," alisema, "tutazungumza."

Basi kiwanda cha maziwa, kule upande wa pili wa mji, kikatangaza kinatafuta fundi wa mitambo ya baridi. Nikaketi, nikachapa barua yangu nzuri kama zile nyingine. Kabla sijaitia kwenye bahasha, Mama, bila kuniuliza, akamwita kaka yake.

Mjomba ni fundi cherehani. Anashona suti za mabwana harusi, na kwa kuwa ndiye anayewapima viuno wakiwa na wasiwasi, wameishia kumpa na kazi ya pili: kuwaandikia barua ya posa na kuipeleka kwa wakwe. Ni mshenga wa mtaa mzima. Hujitapa kwamba hajawahi kurudishwa mlangoni hata mara moja, na ukimwachia atakutajia nyumba moja moja.

Aliingia, akaruka ile friji iliyolala chali, akaketi, akaishika barua yangu mbali na macho yake.

"Hii umemwandikia nani?"

"Kiwanda cha maziwa, Mjomba."

"Wapi panaposema hivyo?"

"Juu hapo, kwenye anwani."

Akaifunika anwani kwa kiganja. "Na sasa?"

Nikatazama. Bila anwani ile barua ingeweza kwenda benki, jeshini, au kwa mtu anayetafuta mchunga mbuzi.

"'Mimi ni mchapakazi,'" alisoma kwa sauti ya kuhutubia, "'mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi katika mazingira yoyote bila kusimamiwa.' Mwizi angeandika nini?"

"Mjomba!"

"Nakuuliza. Mwizi akiomba kazi ataandika kwamba yeye ni mvivu na mkono wake mrefu?"

Jikoni nikamsikia Mama anacheka. Nikawaka.

"Barua zote za kazi zinaandikwa hivyo."

"Ndiyo maana zote hazijibiwi."

"Mjomba, hii ni kazi. Siyo mke."

"Tofauti yake nini?" Akaiweka barua juu ya friza, kando ya picha ya baba, kana kwamba anataka na baba asikie. "Mtu ana nyumba yake, imetulia. Wewe mgeni unataka uingie humo, ule humo, uzeeke humo. Hakujui. Unampelekea karatasi moja. Kama hiyo si posa ni nini? Sasa wewe umemwambia nini cha kumfanya ainue kichwa? Hujasema umeona nini kwake. Hujasema unaleta nini. Umejisifu tu, halafu mwisho, hapa, ndipo uliponiua kabisa: 'Naomba kazi.' Ala! Mtu hata uso wako hajauona, unamwomba kazi?"

"Nimwombe nini, maziwa?"

"Siku." Akainua kidole. "Vijana wote wanaofukuzwa wanakosea hapo. Barua ya posa haiombi mke. Inaomba siku. Tupangieni siku tuje tuzungumze, basi. Siku si kitu kikubwa, mtu hawezi kukunyima siku. Mke utamwombea hukohuko, ukiwa umeshakalia kiti chao."

Hakuna kinachoudhi kama mtu mwenye majivuno akisema kweli.

"Na nyumba yenyewe," akaongeza akiinuka, "umewahi kuiona?"

Sikuwahi. Kwa hiyo kesho yake asubuhi tukaenda kuiona, yeye na koti lake jeusi kwenye jua kali, mimi nikiomba Mungu nisikutane na mtu anayenijua. Getini Mjomba akamvaa mlinzi kama anavyowavaa majirani wa wakwe. Hapa watu wanaelewana? Mkubwa wao ana hasira? Wasichana wanaoingia hapa wanakaa au wanakimbia? Mlinzi, maskini, alidhani anahojiwa na serikali, akawa anajibu amesimama wima.

Mimi nikawaacha, nikafuata ukuta kwa nje. Nyuma kabisa kulikuwa na mfereji, na maji yake yalikuwa meupe. Harufu ya maziwa yaliyochachuka ilinipiga puani. Nikasimama. Upande wa pili wa ukuta mtambo wa chumba cha baridi uliwaka, ukanguruma kidogo, ukazima. Kabla sijameza mate ukawaka tena. Ukazima. Nilibaki pale nimeinamisha kichwa, mpaka Mjomba akaja kunitafuta akadhani nalia.

"Nyamaza, Mjomba. Sikiliza."

"Nasikia kelele tu."

"Unawaka na kuzima. Mtambo mzima hauwi hivyo. Unashindwa kupumua." Nikapanda juu ya jiwe, nikachungulia. Kreti tupu zilikuwa zimepangwa mpaka juu, zimebanana na mahali mtambo unapotolea joto. Mikono iliniwasha, kweli tena. Ningepewa ngazi ningeruka ukuta nikaziondoe bila mshahara.

Mjomba alinitazama pale juu ya jiwe. "Sasa," alisema taratibu, "umeona kitu kwao."

Kuandika ndiko kulikotutoa jasho. Mjomba alikaa mezani, akakunja mikono ya shati, akaanza: Kwa heshima na taadhima, sisi wa ukoo huu tulipokuwa tukipita kando ya bustani yenu tumeona ua ambalo limetuvutia.

"Ua gani, Mjomba?"

"Kazi."

"Ni friji, Mjomba! Ni friji kubwa kama nyumba! Ukiandika ua watampa mtunza bustani!"

"Hujui utamu wa maneno, wewe."

Mama naye akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Andikeni anajua kupika."

"Mama, wanataka fundi."

"Mafundi hawali? Andikeni pia hatembeitembei."

"Watataka nitembee! Mtambo hauji ofisini!"

"Na hajaolewa," Mama akamwambia Mjomba, akinipita mimi kama sipo. "Hiyo iweke juu kabisa."

Nikatupa kalamu. Nikaifuata chini ya friji, kwa sababu ilikuwa kalamu moja tu. Nilipoinuka Mjomba alikuwa amevaa uso wa hekima. Akasema barua haiwezi kuwa na sifa tupu, lazima iwe na kasoro moja ya kweli. Bwana harusi asiye na kasoro, watu wanakwenda kuwauliza majirani.

Kasoro! Hapo ndipo nilipojua mama yangu anavyonifahamu. Hakuvuta hata pumzi. Ana mdomo, alisema. Ana hasira za karibu. Akianza friji ya mtu hali mpaka aimalize, ukimwita haitiki, sebule yangu imekuwa jalala la vyuma, na chumvi haijui, ama anazidisha ama anasahau. Alikuwa bado anaendelea wakati Mjomba anamwambia, dada, tunataka moja tu.

Tukapigana hivyo mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikaandika mwenyewe, kwa mpango wa Mjomba na maneno yangu, na wao wawili wakanisimamia mabegani. Ilitoka hivi:

"Kwa heshima na taadhima. Mimi ni fundi wa majokofu. Juzi nilipita nyuma ya kiwanda chenu, nikasikia mtambo wa chumba cha baridi unawaka na kuzima kila baada ya muda mfupi, na nikaona kreti zimeuziba upande unaotolea joto. Sijaingia ndani, kwa hiyo siwezi kusema kama ugonjwa ni huo tu. Nimewahi kuponya mitambo ya mabucha na ya duka la samaki yenye dalili kama hizo. Mtambo mkubwa kama wenu sijawahi kuushika, nisiwadanganye. Ninaomba mnipangie siku nije tuzungumze, na mkipenda niutazame."

Mjomba alisoma, akatikisa kichwa. "Kavu," alisema. "Lakini ina mwenyewe." Ile heshima na taadhima ndiyo peke yake aliyofanikiwa kunilazimisha, na nilimwachia kwa sababu na yeye ni mtu.

Kilichobaki ni namba ya simu. Kioo cha simu yangu kilikuwa kimekufa siku hizo, ikilia siwezi hata kuipokea, basi tukaweka namba ya Mjomba. Kaburi langu nilijichimbia mwenyewe hapo, kwa mkono wangu na mwandiko mzuri.

Kuhusu kuipeleka sitasema mengi, maana sikuwepo. "Binti haendi," Mjomba alinikatia. Alikwenda na rafiki zake wawili, seremala na mwalimu mstaafu, wote wamevaa makoti, na bahasha imefungwa kwenye leso nyeupe. Yaliyotokea nilihadithiwa baadaye na mlinzi aliyewasindikiza ndani, akijifuta machozi ya kicheko. Wazee watatu wakaingia mapokezi, wakakaa kwa mstari, wakakataa kusema shida yao mpaka waulizwe mara mbili. Msichana wa mapokezi ana mchumba anayesuasua miaka yote. Alipoiona ile leso akajua hatimaye siku yake imefika, akaomba radhi, akaenda kujipaka poda. Aliporudi akaambiwa ni maombi ya kazi ya fundi wa friji. Alikunja uso, akaichukua bahasha kwa vidole viwili, lakini aliichukua na kuipeleka mwenyewe mpaka mezani kwa afisa utumishi. Angefanyaje? Wazee walikuwa wamemkodolea macho, na hawakuinuka mpaka aliporudi kusema imepokelewa.

Zikapita siku, kimya. Mama akaanza kunipangia nguo kwenye begi, akisema anazikunja tu zisipate vumbi. Nilikuwa nimeshaanza kuwarudishia watu friji zao, nyingine hazijapona.

Jumatatu ya wiki ile ya mwisho Mjomba akaja mchana, anatabasamu mpaka magego. Akaketi. Akaomba maji. Akanywa taratibu, akarudisha glasi, akapangusa midomo.

"Wamepiga," alisema.

"Nani? Kiwanda?"

"Mwanamke mmoja, mstaarabu sana. Anasema barua wameisoma. Wanataka uende keshokutwa, Jumatano."

Nilipiga kelele ambayo nadhani hata wao kiwandani waliisikia. Mama akatupa mwiko, akapiga kigelegele. Nikamkumbatia Mjomba, koti na jasho lake lote.

"Nikamwambia," Mjomba akaendelea, "Jumatano haiwezekani."

Nikamwachia.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia tumepokea kwa furaha, tutakaa kama familia, tutamjibu." Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito. "Mwanangu, siku ya kwanza haikubaliwi. Ukiikubali palepale unaonekana una njaa."

"Mjomba, NINA njaa!"

"Ndiyo, lakini wasijue!"

Nikakalia friza. Hata Mama, ambaye hajawahi kumpinga kaka yake mbele ya mtoto, alishika kiuno. "Kaka, wewe una akili kweli? Umemkatalia mtu aliyekuita?"

"Sijakataa. Nimejivuta. Kwenye posa..."

"Hii si posa!" Tulisema pamoja, Mama na mimi, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tulikubaliana juu ya kitu.

Nikamnyang'anya simu. Nikaipigia ile namba. Ikapokelewa na sauti ya mwanamke asiye na haraka.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye yule fundi wa majokofu, wa ile barua."

"Marahaba. Nimeongea na mzee wako. Ameniambia mtakaa kikao. Kikao kimekaa?"

"Kimekaa, mama. Kimekubali. Kimekubali siku yoyote ile, hata sasa hivi nakuja mbio."

Nikamsikia anacheka mbali na simu. Lakini aliporudi alikuwa mtu wa kazi. Jumatano ameshampa mwingine. Imebaki Ijumaa, saa tatu asubuhi, baada ya hapo mkuu wa mitambo anasafiri. Ijumaa au basi.

"Ijumaa, mama. Nashukuru sana."

"Na ule mtambo, nani alikuambia unawaka na kuzima?"

"Nimeusikia mwenyewe, nikiwa nje ya ukuta."

"Haya. Njoo Ijumaa."

Nikaiweka simu chini, nimejaa furaha, nikainua macho nikaona uso wa Mama. Ndipo ikaniingia. Ijumaa ndiyo siku ya dada.

Jumatano ningekwenda nikarudi, na tungekuwa na siku nzima ya kubishana. Sasa, kwa sababu ya mtu kujivuta, usaili na gari la dada vilikuwa vinakuja mlangoni asubuhi moja. Mjomba aliona pia. Akachukua simu yake, akaaga upesi. Mama akampigia dada. Dada akasema gari limeshakodiwa, Jumamosi lazima awe kazini, hawezi kusogeza hata kwa dawa. Mama akasema nimesikia, na baada ya hapo hakusema kitu tena. Siku tatu nzima! Kila nilipotaka kuanza, Mama, ulisema nikiitwa tutazungumza, aliinuka kwenda kutazama kitu jikoni. Begi langu lilibaki pale mlangoni, limefungwa zipu. Nilijua ahadi yake kwa dada ni ya kwanza na kwangu ni ya pili, na usiniulize nilivyolala.

Ijumaa asubuhi nilikuwa napiga pasi shati langu jeupe niliposikia honi. Dada akaingia, pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani, macho mekundu kama mtu aliyesahau usingizi ni nini. Mjomba alikuwa ameshafika, amesimama kando ya mlango na koti lake.

"Mzigo wake ndio huu?" dada aliuliza, akimpa Mama mtoto wa kifuani.

"Dada," nikasema, "nina usaili saa tatu."

"Mama ameniambia." Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Mdogo wangu, usaili si kazi. Mtakuwa wangapi huko? Mimi nina kazi ambayo Jumamosi naipoteza. Wakikukataa leo mimi nimeshaondoka mikono mitupu, na wewe unarudi kulala chini ya friji. Nani amefaidi?" Akamgeukia Mama. "Ni wewe uliyeniahidi."

"Niliahidi," Mama alisema.

Alikuwa anamtikisa mtoto taratibu, anamtazama usoni. Nikaizima pasi. Nilijua nikisema neno moja nitalia kama hao mapacha, basi nikaanza tu kulikunja lile shati, nilitie kwenye begi.

"Mshike mwanao," Mama akamwambia dada.

Akaingia chumbani. Tulisikia kabati linafunguliwa. Alipotoka alikuwa amevaa gauni lake la harusini na viatu vya kisigino kifupi, anavyovivaa kwa watu wa heshima tu.

"Nitakwenda kulea mimi," alisema. "Niliwalea nyie, sijasahau. Jioni tutaondoka wote, utafika kazini kwako. Sasa kaa hapo, pumzika na watoto, uji uko jikoni. Sisi tunakwenda tunarudi."

"Mama, mnakwenda wapi? Mtu hapelekwi kwenye usaili na mama yake!"

"Wewe ulipoposwa, watu walikuja hapahapa kukuomba. Nikavaa, nikakaa, nikawapokea. Huyu leo anakwenda kuomba mwenyewe, na mimi nilikuwa namwacha aende kama mtu asiye na kwao." Akalitoa shati kwenye begi, akalikung'uta, akanipa. "Vaa. Mimi na mjomba wako tutakusubiri getini, na mjomba wako hatafungua mdomo."

"Sifungui," Mjomba alisema.

Nililivaa shati huku machozi yananitoka, nikafunga vifungo vibaya, Mama akavifungua akavifunga upya kama nakwenda darasa la kwanza. Dada alikuwa amekaa juu ya friza, watoto mapajani, anatutazama sote kama watu tuliorukwa na akili.

"Na wakimkataa?" aliuliza.

Mama alikuwa ameshafika mlangoni.

"Wakimkataa tutapeleka barua kwingine," alisema. "Na hiyo nitaipeleka mimi."